Pale meli inapolazimika kupunguza mwendo

Mchezo wa vita vya angani usio na sayari huchosha mapema. Tandaza kitambaa cheusi mezani, panga meli zako upande huu na za mwenzako upande ule, mrushe dadu. Baada ya zamu chache utaona kwamba hakuna mahali palipo bora kuliko pengine. Kushoto ni sawa na kulia, kurudi ni sawa na kwenda. Mwenye silaha za masafa marefu au dadu za bahati anashinda, mnakunja kitambaa, na hakuna swali linalokufuata njiani ukirudi nyumbani. Weka sayari moja katikati, yenye kanuni nzuri ya mvutano, na meza nzima inageuka. Sasa kuna juu na chini, kuna mbele ya mwamba na nyuma yake, kuna aliyewahi na aliyechelewa.

Nimecheza michezo hii kwa miaka mingi. Mingine niliinunua, lakini mingi zaidi nimeicheza kwa ramani za vijumba vya pembesita nilizochapisha kwenye karatasi na vipande vya kadibodi nilivyokata mwenyewe. Kadiri ninavyocheza, ndivyo ninavyozidi kuamini jambo moja: kazi kubwa ya sayari mezani ni kuwalazimisha watu wapunguze mwendo. Kujificha nyuma yake, kuizunguka, kuitumia kupinda kona, yote ni mazuri na nitayagusa, lakini yote yanazaliwa na hilo la kwanza. Vita vya angani hutokea pale mtu anapolazimika kupunguza mwendo. Kwingineko kote, meli hupishana tu.

Mchezo ninaoutumia kupima mingine yote ni Triplanetary. Waliobuni ni Marc Miller na John Harshman, na kampuni ya Game Designers' Workshop ya Marekani iliutoa mwaka 1973. Ulirudi kwa toleo jipya mwaka 1981, na mwaka 2018 Steve Jackson Games wakauchapisha upya. Ramani yake inaonyesha Jua, Utaridi, Zuhura, Dunia na Mwezi wake, Mirihi, ukanda wa asteroidi, na Mshtarii pamoja na baadhi ya miezi yake. Ramani inafunikwa kwa plastiki, nawe unachora njia ya meli yako juu yake kwa kalamu ya nta inayofutika.

Kanuni ya mwendo inaelezeka kwa pumzi moja. Kama zamu hii meli yako ilikwenda vijumba 4 kuelekea upande fulani, zamu ijayo itakwenda vijumba 4 tena, upande uleule, upende usipende. Pointi 1 ya mafuta inakuruhusu kuisogeza ncha ya njia yako kijumba 1, upande wowote. Basi. Hakuna breki wala usukani. Aliyekaa barazani akawatazama wazee wakicheza bao anaujua ujuzi unaohitajika hapa: ukishaanza kutembeza kete huwezi kusimama unapotaka, kwa hiyo kabla hujagusa shimo umeshahesabu mkono wako utalala wapi. Mchezaji wa Triplanetary naye huangalia ubao akiona zamu tatu zijazo, kwa sababu mahali atakapokuwa zamu ijayo kwa sehemu kubwa palishaamuliwa.

Kisha inakuja sayari. Sayari kama Dunia imo ndani ya kijumba kimoja, na imezungukwa na vijumba sita vyenye mishale midogo inayoelekea kwake. Ukiingia kijumba chenye mshale, zamu inayofuata ncha ya njia yako inasogezwa kijumba 1 kuelekea unakoelekea mshale. Hulipi mafuta, na huwezi kukataa. Mwezi wa Dunia, kwa kuwa ni mdogo, una mishale ya mvutano dhaifu, na hapo mchezaji ana hiari ya kuukubali au kuupuuza. Njia yako ikikata duara la sayari yenyewe, meli imeanguka na habari yake imekwisha.

Chukua karatasi na kalamu uone kinachotokana na kanuni hiyo ndogo. Weka meli kwenye kimojawapo cha vile vijumba sita, na uipe mwendo wa 1 kuelekea kijumba cha jirani kwenye duara lilelile. Imefika. Zamu inayofuata ingeendelea moja kwa moja na kutoka nje ya duara. Lakini mvutano unaisogeza ncha ya njia yake kijumba 1 kuelekea sayari, na ncha hiyo inaangukia sawasawa kwenye kijumba kinachofuata cha duara. Zamu nyingine, hivyohivyo. Zamu sita zikitimia meli imerudi ilipoanzia, na haijatumia hata tone la mafuta.

Mara ya kwanza kuichora njia ile niliiweka kalamu chini nikaitazama kwa muda. Hakuna fomula humo, hakuna jedwali, kuna mshale mmoja tu, na umetoa obiti kamili. Isaac Newton alieleza mwaka 1687 kwamba Mwezi unaanguka kuelekea Dunia wakati wote, ila unakwenda kando kwa kasi ya kutosha kiasi kwamba haufiki. Nimesoma maelezo ya jambo hilo katika vitabu kadhaa vizuri, lakini hakuna kilichoniingiza ndani yake kama zile zamu sita. Unaanguka kijumba kimoja, unakwenda kando kijumba kimoja, na kuanguka kwako ndiko kunakokuweka pale ulipo.

Sasa pita palepale kwa mwendo wa 4. Mvutano unakusogeza kijumba kilekile kimoja, lakini njia yako ni ndefu, kwa hiyo inapinda kidogo tu na unaondoka zako. Pita kwa mwendo wa 1 na umenaswa. Wanaopenda fizikia watasema, na wana haki, kwamba hesabu hiyo haijakamilika: angani meli yenye kasi hukaa kwa muda mfupi karibu na sayari, kwa hiyo mvutano wake huwa pungufu kuliko ubao unavyosema, maana ubao unakupa msukumo uleule kwa kila kijumba bila kujali umekaa hapo kwa muda gani. Ni kweli. Lakini mwelekeo wa mambo ni sahihi. Mwenye haraka hupinda kidogo, asiye na haraka hupinda sana, na mchezaji wa miaka kumi analishika hilo bila kufundishwa.

Lalamiko ninalolisikia mara nyingi zaidi ni kwamba sayari za Triplanetary hazitembei. Dunia inalizunguka Jua kwa kilomita karibu 29.8 kwa sekunde, yaani takriban kilomita milioni 2.6 kwa siku. Umbali kati ya Dunia na Mirihi huanzia kama kilomita milioni 55 hadi karibu milioni 400, kutegemea kila moja iko wapi. Vyombo vya leo husubiri nafasi nzuri ya kuondoka ambayo huja mara moja kila miezi 26. Je, si uongo kuzichora sayari zimesimama?

Inategemea injini. Fikiria meli inayoweza kuongeza kasi kwa kiasi cha 1g, yaani kiasi cha kumfanya rubani ajisikie ana uzito wake wa kawaida wa duniani, na iweze kufanya hivyo kutwa nzima. Baada ya saa 24 inakwenda kilomita 847 kwa sekunde. Hiyo ni karibu mara 28 ya mwendo wa Dunia. Kwa meli ya namna hiyo, sayari kweli zimesimama. Utafika Mirihi kabla Mirihi haijasogea kiasi cha kukusumbua. Ila hoja hii inakata pande mbili. Kasi ya kuutoroka mvutano wa Dunia kutoka usoni mwake ni kilomita 11.2 kwa sekunde, na injini ya 1g inazipata hizo kwa dakika 19 tu. Meli yenye nguvu za kuzifanya sayari zionekane zimesimama ina nguvu pia za kuupuuza mvutano wa sayari hizo.

Kwa hiyo mishale ile sita imetiwa chumvi. Mchezo unatuomba tukubali meli zenye nguvu nyingi kuhusu muda, na meli dhaifu kuhusu mvutano, kwa wakati mmoja. Nami nakubali bila kusita, kwa sababu Miller na Harshman walitia chumvi mahali pake. Wameukuza ukubwa wa mvutano lakini hawakugusa tabia yake. Mbunifu anayefanya kinyume, akaweka namba sahihi hadi desimali ya tatu kisha meli zake zikasimama ghafla au kugeuka nyuma kama pikipiki, amenipa namba za angani na tabia za barabarani.

Nirudi kwenye kupunguza mwendo. Katika Triplanetary, unapofyatua risasi, dadu yako hupunguzwa kwa umbali ulio kati ya meli mbili, na hupunguzwa pia kama mwendo wenu umetofautiana sana. Fikiria mnapishana, wewe ukienda 5 upande huu na mwenzako 5 upande ule. Mnaweza kuwa karibu kabisa na bado risasi zisifanye kitu. Ukitaka kumrudia inabidi utumie pointi 5 za mafuta kusimama, na nyingine 5 kumfuata, na wakati huo wote yeye anazidi kwenda. Meli isiyotaka vita, iliyo katikati ya anga tupu na ina mwendo wake, haikamatiki. Hapo ndipo wachezaji wapya hukata tamaa na kusema mchezo hauna mapigano.

Mapigano yapo, yapo Zuhura. Yapo kwenye kile kijumba cha mvutano ambacho meli ya mizigo lazima ikifikie kwa mwendo wa 1 ili iingie obiti, kwa sababu bila obiti haitui, na bila kutua haina ilichokwenda kufanya. Mpwa wangu, ambaye sasa ni mchezaji mkali kuliko mimi, aliligundua hili kabla sijamwambia. Aliacha kuwafukuza watu angani. Alichukua meli yake moja ya vita, akaiweka obiti ya Zuhura, akasubiri.

"Mjomba, utakuja mwenyewe," aliniambia.

Na kweli nilikwenda, kwa sababu shehena yangu ilikuwa inakwenda huko. Nilikuwa na njia mbili: nipunguze mwendo mapema nikiwa mbali, nifike polepole huku nimeonekana kwa zamu nyingi, au nije kasi na kuchoma mafuta mengi mlangoni kwake. Zote mbili zina gharama, na kuchagua kati yake ndiyo raha yenyewe ya mchezo. Hakuna hata moja kati ya hayo ambayo ingekuwepo kama Zuhura ingekuwa picha tu kwenye ubao.

Ukishaingia obiti, mambo yanakuwa mageni zaidi. Meli mbili kwenye duara moja, zinakwenda upande mmoja, moja ikiwa vijumba vitatu mbele ya nyingine, zina sayari katikati yao daima. Zikizunguka mara mia, hazitaonana. Mpwa wangu alipoikuta hali hiyo aliuliza swali ambalo kila mtu huliuliza: huyu yuko mbele yangu kwenye njia hiihii, kwa nini nisiongeze kasi nimfikie?

Swali hilohilo liliwatesa watu wa kweli, angani kweli. Mwezi Juni 1965, katika safari ya Gemini 4, chombo cha Marekani cha watu wawili, rubani James McDivitt alijaribu kukisogelea kipande cha roketi ya Titan kilichokuwa kimewafikisha obiti. Alielekeza chombo kwenye kipande kile akasukuma injini, kama yeyote kati yetu angefanya. Kipande kikazidi kwenda mbali. Akasukuma tena. Mafuta yakapungua hadi jaribio likaachwa. Ukiongeza kasi kwenye obiti, unapanda. Ukipanda, duara lako linakuwa refu na mwendo wako wa kulizunguka unakuwa mdogo. Kwa hiyo unachelewa. Anayetaka kumfikia aliye mbele apunguze kasi, ashuke chini ambako mzunguko ni wa haraka, amfikie kwa chini, kisha apande. Mwanaanga Buzz Aldrin alikuwa ameandika tasnifu yake ya udaktari kuhusu namna vyombo viwili vinavyokutana obiti, pale chuo kikuu cha MIT huko Marekani, mwaka 1963. Na tarehe 15 Desemba 1965, Gemini 6A ikiongozwa na Wally Schirra iliifuata Gemini 7 kwa hesabu hizo, vikakaribiana hadi kama sentimita 30.

Hesabu zake zinavutia kwa anayetaka kuzileta mezani. Kwenye kimo cha kilomita 400 juu ya Dunia, meli inakwenda karibu kilomita 7.7 kwa sekunde na inamaliza mzunguko kwa dakika 92 na nusu hivi. Kwenye kimo cha kilomita 1,000, mzunguko ni dakika 105. Tuseme adui yuko juu kwenye 1,000, nawe uko chini kwenye 400, upande wa pili kabisa wa Dunia. Kila mzunguko unamkaribia kwa dakika kumi na mbili na nusu. Utamfikia chini yake baada ya kama saa sita na nusu, bila kugusa injini. Saa sita na nusu mezani ni uamuzi mzito: je, una muda huo, au unalipa mafuta?

Zikienda pande tofauti, mambo yanageuka. Meli mbili kwenye kimo cha 400, moja ikizunguka huku na nyingine kule, hukutana kila baada ya dakika 46, zikipishana kwa zaidi ya kilomita 15 kwa sekunde. Dunia inaziba kila kitu kilicho nyuma ya upeo wa macho, na kwa kimo hicho zinaweza kuonana zikiwa kama kilomita 4,600 tu kutoka moja hadi nyingine. Ukizifanya hesabu zote utapata dakika kama 10 za kuonana, kisha dakika kama 36 za kimya. Dakika kumi za kupigana, dakika thelathini na sita za kutengeneza kilichoharibika na kuamua kama utakuwepo tena duru ijayo. Sijapata kuona kanuni ya kubuni inayotoa mdundo mzuri kuliko huo, na huu haukubuniwa na mtu.

Nimejaribu kuichora Dunia kubwa ili mdundo huo uonekane mezani. Kijumba ni kilomita 1,000, kwa hiyo Dunia ina upana wa vijumba karibu 13. Ukichagua zamu ya dakika 15, obiti ya chini inatoka zamu sita, sawasawa na Triplanetary, na moyo unafurahi. Lakini pima vizuri. Meli mezani hukata pembe: inakwenda mstari ulionyooka kutoka nukta hadi nukta, na kwa nukta sita kuzunguka Dunia kubwa kiasi hicho, mistari inapita ndani ya ardhi, kama kilomita 500 chini ya uso. Ili mistari ikae juu ya uso, obiti hiyo inahitaji angalau nukta kumi, maana yake zamu isizidi dakika tisa hivi. Ndiyo maana Triplanetary inaichora sayari ndogo kuliko kijumba chake. Ule mduara mdogo hauko hivyo kwa ajili ya urembo.

Kwa hiyo nikachukua zamu ya dakika 5. Meli ya obiti ya chini inakwenda vijumba 2 na ushei kwa zamu, na mvutano unaivuta karibu robo tatu ya kijumba. Ukiufanya mvutano huo uwe kijumba 1 kamili, anayekwenda kwa mwendo wa 2 anadondoka taratibu na anayekwenda kwa 3 anapanda taratibu. Hakuna duara linalojifunga lenyewe, kwa hiyo kila baada ya zamu chache unalipa pointi ya mafuta ili ubaki. Inachezeka, na kwa mapambano ya meli chache karibu na Dunia ninaipenda: mvutano kila zamu hadi vijumba 2 juu ya uso, mara moja kila zamu 3 hadi kama kijumba cha 6, kisha hakuna kitu. Lakini kila nikimaliza mchezo huo namuheshimu zaidi aliyegundua kwamba vijumba sita na mshale mmoja vinajifunga bila deni.

Michezo mingine nitaipitia haraka. Mayday, ya kampuni ileile, 1978, iliondoa kalamu ikatumia vipande vitatu kwa kila meli, kimoja kwa ilipokuwa, kimoja kwa ilipo, kimoja kwa itakapokuwa. Ni wazo safi, na kwa anayechapisha nyumbani ni rahisi kuliko plastiki na nta. Full Thrust ya Jon Tuffley, ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, ina pande kumi na mbili kama uso wa saa, na meli zake zinapendeza kuzisukuma. Battlefleet Gothic ya 1999 inaipa meli iliyo karibu na sayari nafasi ya kugeuka bure kuelekea sayari hiyo. Fizikia yake ni ya majahazi ya zamani zaidi kuliko ya anga, lakini ninaitetea: inakufanya uitake sayari, unatoka njiani ili upate ile kona, na mchezo ambao sayari yake inatakiwa na wachezaji umeshafanya nusu ya kazi.

Jambo ambalo karibu michezo yote inaliacha ni faida ya kuchoma mafuta ukiwa chini. Meli inayoanguka kutoka mbali sana na kuipita Dunia kwenye kimo cha kilomita 400 inakuwa na kasi ya karibu kilomita 10.9 kwa sekunde pale chini kabisa. Ikiongeza kilomita 1 tu kwa sekunde palepale, basi ikishatoka mbali na mvutano inabaki na karibu kilomita 4.8 kwa sekunde. Kilomita ileile 1 ikiongezwa mbali, inabaki 1. Mjerumani Hermann Oberth aliliandika jambo hili karne iliyopita, na marubani wa vyombo vya sayansi hulitumia. Mezani linaweza kuwa kanuni ya mstari mmoja: pointi ya mafuta inayotumiwa ndani ya kijumba cha mvutano, ukiwa na mwendo wa 3 au zaidi na ukiitumia kuongeza mwendo huo, inasogeza vijumba 2 badala ya 1. Tumeicheza hivyo kwetu. Ghafla kila mwenye haraka anataka kupita karibu na sayari, na kila adui anajua hivyo, na tumerudi kwenye mlango wa Zuhura kwa njia nyingine.

Limebaki la ubapa. Ubao ni bapa, kwa hiyo meli zote ziko kwenye obiti za mlalo mmoja, yaani zimelala kwa namna moja kuizunguka sayari, na hilo si jambo dogo. Kuuinamisha mlalo wa obiti yako nyuzi 60 kwenye kimo cha 400 kunahitaji kilomita 7.7 kwa sekunde, yaani sawa na kasi yako yote. Attack Vector: Tactical ya Ad Astra Games, 2004, ilithubutu kuleta kimo na mwinamo kamili mezani, ni kazi ya kuheshimika, na inamtaka mchezaji awe na jioni nzima na subira. Kwa wengi wetu inatosha kukumbuka kwamba mlalo una bei.

Pwani yetu ina ushahidi wa bei hiyo. Kwenye bahari ya Malindi, Waitaliano walisimamisha majukwaa ya San Marco na kurusha roketi kutoka hapo kuanzia mwaka 1967 hadi 1988. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu ya uhuru wa Kenya, roketi ya Scout iliondoka pale ikiwa na setilaiti ya NASA, shirika la anga la Marekani, ya kuchunguza miali ya eksi kutoka kwenye nyota, ya kwanza iliyotengenezwa kwa kazi hiyo peke yake, na ikapewa jina Uhuru. Riccardo Giacconi aliyeongoza kazi yake ya kisayansi alipata Nobeli ya fizikia mwaka 2002. Kwa nini Malindi? Kwa sababu iko nyuzi 3 tu kusini ya ikweta. Chombo kinachorushwa moja kwa moja kutoka Cape Canaveral huko Florida hakiwezi kupata mlalo ulioinama chini ya nyuzi 28 na nusu bila kulipa mafuta ya ziada. Kutoka Malindi kinaingia obiti ya ikweta kikiwa kimekaa karibu sawa, na mzunguko wa Dunia unakisukuma kwa karibu mita 465 kwa sekunde bure. Uhuru ilizunguka kwa mwinamo wa nyuzi 3, dakika 96 kwa kila mzunguko, na kwa kukaa karibu na ikweta ilipunguza kupita kwenye eneo la mnururisho mkali lililo juu ya Atlantiki ya Kusini, ambalo lingevuruga vipimo vyake.

Kisa cha mchezo ninachokichora sasa kinatumia hilo. Upande mmoja una kituo cha ikweta, mwingine una kituo cha nyuzi 28. Meli za kila upande zinaanza na kipande cha rangi yake kuonyesha mlalo wake. Zenye rangi tofauti zinaweza kufyatuliana risasi kwenye vijumba viwili tu vya duara, vile vinavyotazamana ambapo milalo inakatana, na kwa zamu ile tu ambayo zote mbili zipo hapo. Kubadili rangi kunagharimu pointi 4 za mafuta, na kunafanyika kwenye vijumba hivyohivyo viwili. Shabaha ni setilaiti iliyo obiti ya ikweta. Kwa majaribio tuliyofanya hadi sasa upande wa ikweta una nafuu kubwa mno, kwa hiyo nimewapa wenzao wa nyuzi 28 meli moja zaidi, na bado ninapima kama mafuta ya kubadili mlalo yashuke hadi 3.